Picha za bibi zimo kwenye diski iliyoanguka

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni muuguzi, naishi Tanga mjini, na siku nisizo na zamu napiga picha. Si kazi yangu, sijawahi kumlipisha mtu. Kamera yangu nilinunua ya mtumba mwaka 2017, ya megapikseli 24, na tangu hapo karibu kila mwezi nilikuwa navuka na kivuko cha Pangani kwenda Bweni kwa bibi yangu mzaa mama. Nilimpiga akisuka ukili, akichambua mchele, akifukuza kuku, akilala mchana barazani. Yeye hakuijali kamera hata kidogo. Mikono yake inakwenda, mdomo wake unakwenda, mimi nabonyeza.

Bibi amefariki mwaka huu, wiki mbili kabla ya Ramadhani.

Picha zote, kama elfu thelathini na moja, nilikuwa nimeziweka kwenye diski moja ya nje ya terabaiti moja. Kwenye laptopu nilizifuta kwa sababu ilikuwa imejaa na inakwenda kwa kusuasua. Nilijiambia kwamba diski ndiyo hifadhi. Usiku wa tatu baada ya mazishi nilikuwa nazitazama, umeme ukakatika, nikainuka kutafuta taa, mguu ukanasa kwenye waya na diski ikaanguka kutoka mezani hadi sakafuni, sakafu ya saruji. Nilipoichomeka tena iliwasha taa, ikagonga tak, tak, tak, kisha ikanyamaza. Kompyuta haioni kitu.

Nilimpelekea fundi mmoja wa kompyuta. Akaniambia nimwachie aifungue, aisafishe ndani, kesho atanipa jibu. Kuna kitu kilinikataza, nikairudisha nyumbani. Jirani akanishauri niiweke kwenye friza usiku mmoja. Hilo pia sijafanya.

Baada ya hitma ya arobaini mama akataka picha kubwa ya kutundika sebuleni. Nikaitafuta kwenye kundi la familia la WhatsApp, ile aliyocheka huku ameshika kipande cha ukili mwekundu, nikaipeleka studio isafishwe A3. Ilipotoka nililia upya. Uso umekuwa wa viraba viraba, ukili umeyeyuka, na jina la kanga aliyojitanda halisomeki. Mama hakusema neno. Aliigeuza tu, ikatazama ukuta.

Kuna na jingine. Binamu yangu alichukua picha niliyompiga bibi kwenye kitanda cha hospitali, niliyomtumia mama peke yake, akaiweka stetasi na maneno ya huzuni. Watu zaidi ya mia wameiona. Mimi kazini nimefundishwa kwamba mgonjwa ana sitara yake, na imeniuma kuliko ninavyoweza kueleza. Tangu siku hiyo simtumii mtu picha yoyote, na mama mdogo aliyeko Muscat ananilaumu kwamba nimejifungia bibi peke yangu.

Je, picha zile zinaweza kupatikana? Na hizi nitakazopiga kuanzia sasa nizitunzeje, kwa mshahara wangu huu? Na nitawapaje ndugu picha bila kuharibika na bila kutupwa barabarani? Kama inasaidia, ninazo kadi mbili za zamani za kamera, zimo kwenye droo. Nilizifomati siku niliyonunua kubwa zaidi na sijazitumia tena.

Muuguzi mpiga picha, Tanga

*

Marahaba, mpwa wangu, na pole sana. Mungu amrehemu bibi. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimesimama pale mama alipoigeuza picha ikatazama ukuta. Nitakujibu yote. Mengine yanaweza kungoja wiki, la diski haliwezi kungoja hata leo jioni.

Usiichomeke tena. Hata mara moja, hata kwa dakika moja ya kuona kama imebadilika. Ndani ya diski ya aina hiyo mna sahani inayozunguka maelfu ya mara kwa dakika, na juu yake kuna kichwa kidogo cha kusomea kinachoelea bila kugusa, kwa umbali wa nanomita chache. Chembe ya moshi wa sigara ni kubwa kuliko nafasi hiyo. Ilipoanguka huku inazunguka, huenda kichwa kilipinda au kiligonga sahani. Ule mlio wa tak, tak ni kichwa kinatafuta njia, hakioni, kinarudi kuanza upya. Kila unapoipa umeme huenda kinakwaruza, na palipokwaruzwa hapasomeki tena na mtu yeyote.

Kwa hiyo kile kilichokukataza kumwachia yule fundi kilikukataza vyema. Sisemi ni mtu mbaya. Lakini fundi wa kubadilisha kioo cha laptopu, hata awe hodari vipi, mara nyingi hana chumba kisicho na vumbi wala vichwa vya akiba vya diski ya modeli ileile, na bila viwili hivyo kuifungua ni kuimaliza. Friza nayo isahau kabisa: ikitoka kwenye baridi ikaingia kwenye hewa ya Tanga, matone ya maji yatajikusanya juu ya sahani. Kazi ya kuokoa diski ina watu wake maalumu, na kabla hujamkabidhi yeyote muulize mambo matatu: ataifungulia wapi, atakupa bei kabla ya kuanza, na kama hakupata kitu utalipa nini. Asiyejibu hayo waziwazi, chukua diski yako uondoke. Gharama yake huwa kubwa, inapita bei ya diski mpya mara nyingi, na si lazima uamue mwezi huu. Diski iliyozimwa, ikikaa pakavu, inaweza kukungoja mpaka upate pesa.

Sasa kadi. Hizo kadi mbili ulizoziandika mwishoni kabisa, kana kwamba hazina maana, ndizo zilizonifanya nikae kitako.

Kamera inapofomati kadi, kwa kawaida haifuti picha. Inafuta orodha tu, yaani ule ukurasa unaosema picha fulani iko wapi, kisha inaitangaza kadi nzima kuwa tupu. Picha zenyewe hubaki mpaka nyingine ije iandikwe juu yake. Wewe ulizifomati ukazitupa droo, hukupiga tena. Kwa hiyo kuna uwezekano mzuri kwamba picha za mwisho za kila kadi, na pengine za miezi mingi, bado zimo. Isipokuwa kama ulichagua ufomati wa kina, ule unaochukua muda mrefu, hapo matumaini hupungua.

Fanya hivi. Kwanza, usizitie kwenye kamera. Pembeni mwa kadi kuna kitufe kidogo cha kusukuma. Kisukume kuelekea palipoandikwa Lock, ili kompyuta isiweze kuandika chochote. Halafu pakua programu ya PhotoRec. Ni ya bure, ilitengenezwa na Christophe Grenier, na hutolewa pamoja na ndugu yake TestDisk. Sura yake ni ya maandishi meupe kwenye weusi, usiogope. Haitazami orodha iliyofutwa. Inapita kadi yote kutoka mwanzo hadi mwisho ikitafuta alama ambazo kila faili ya JPEG, yaani faili ya kawaida ya picha, huanzia, na inapoiona inaichomoa. Itakuuliza uziweke wapi zinazopatikana: chagua laptopu, kamwe usichague kadi ileile. Zitatoka na majina ya namba yasiyoeleweka, na nyingine zitakuwa nusu nusu. Lakini tarehe na saa ya kupigwa vimeandikwa ndani ya faili yenyewe, kwa hiyo utaweza kuzipanga. Ipe kadi moja jioni nzima. Na usicheleweshe miezi, kwa sababu kadi za namna hii zikikaa miaka mingi bila umeme zinaweza kupoteza kumbukumbu kidogo kidogo.

Ukishamaliza kadi, tafuta kwingine ambako ulishawahi kutoa. Fungua Gmail yako, nenda kwenye zilizotumwa, tafuta zote zenye viambatisho tangu 2017. Umewahi kushindanisha picha? Umewahi kumtumia mtu wa studio faili yenyewe kwa flashi au kwa barua pepe? Nenda kamwulize, wengine hawafuti kompyuta zao kwa miaka. Simu zako za zamani ziko wapi? Kamera yako kama ina Wi-Fi, inawezekana kuna siku ulivuta picha ukazitia kwenye simu. Mwombe mama simu yake, mwombe na mama mdogo. Utashangaa mangapi yamelala kwenye simu za watu waliokuwa hawajui kwamba wanakutunzia.

Hapo ndipo nilipotaka kufika, na naomba unisikilize kidogo kabla sijarudi kwenye diski na bei zake.

Nilianza kazi ya studio mwaka 1983, nikiwa kijana wa chumba cha giza. Mteja akija tunampiga, tunasafisha, anapewa picha yake katika bahasha ya khaki. Negativu, yaani ile filamu inayosafishiwa picha, inabaki kwetu, katika boksi, na namba yake imeandikwa kwenye daftari kubwa. Mteja anachukua picha tatu: moja yake, moja ya mkwe, moja inakwenda kwa posta kwa ndugu aliyeko Dubai au Muscat. Hakuna aliyekaa kikao akapanga. Lakini tazama: uso mmoja, uko kwenye negativu dukani, uko ukutani Bweni, uko kwenye albamu ng'ambo ya bahari. Nyumba ikiungua, studio ipo. Studio ikifungwa, Muscat ipo. Pale Mji Mkongwe wa Unguja, Capital Art Studio aliyoifungua Ranchhod Oza mwaka 1930 na kurithiwa na mwanawe Rohit, picha za Unguja ya zamani zimeonekana na watu wa leo kwa sababu mtu alizitunza negativu, na kwa sababu picha zilitoka dukani zikaenda majumbani.

Kamera za dijitali zilipokuja tulipewa urahisi mkubwa na tukaacha utaratibu huo bila kujua kama ni utaratibu. Negativu, picha, albamu na daftari, vyote vikaingia kwenye kisanduku kimoja kilicholala mezani. Nami nimeulipia urahisi huo. Picha zangu za mwaka mzima wa 2006 nilizichoma kwenye sidii, nikafuta kwenye kompyuta, nikaziweka kabatini nikitulia moyo. Miaka saba baadaye sidii tisa kati ya kumi na moja hazikufunguka, nyingine zimefanya madoa kama ukungu wa mkate. Ndani yake mlikuwa na harusi ya mdogo wangu. Najua unavyojisikia, mpwa wangu, kwa hiyo sitakulaumu hata kwa neno moja.

Mpiga picha mmoja Mmarekani, Peter Krogh, ndiye aliyeueneza ule mpango ambao wapiga picha huuita tatu-mbili-moja: nakala tatu za kila picha, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja kati ya hizo iwe nje ya nyumba yako. Uutazame vizuri utaona ni ileile negativu dukani, picha ukutani na barua ya Muscat.

Kwa mshahara wako utaufanya hivi. Nunua diski mbili za terabaiti moja, usinunue moja ya terabaiti nne. Zisitoke kampuni moja wala duka moja siku moja, maana zilizotengenezwa pamoja huweza kufa pamoja. Kama huwezi zote mbili, nunua moja leo na nyingine baada ya miezi mitatu. Ukiweza kuongeza pesa, moja iwe SSD, ile isiyo na sahani ya kuzunguka. Ikianguka mezani haijali. Ila hiyo usiifungie kabatini miaka bila kuichomeka. Moja ikae kwako. Nyingine isikae kwako kabisa: iwe kwa dada, kwa rafiki wa kazini, kokote ambako mwizi wa kwako au mvua ya kwako haifiki. Kila ukienda kumtembelea unabeba hii, unarudi na ile.

Ya tatu ni mtandaoni, na hapa wengi hukosea. Google inakupa gigabaiti 15 za bure, lakini hizo zinagawanywa kati ya picha, barua pepe na Drive, hifadhi ya faili ya Google. Zamani picha zilizopunguzwa ubora zilikuwa hazihesabiwi. Hilo liliisha tarehe 1 Juni 2021. Picha moja ya kamera yako, JPEG, nadhani ni megabaiti 6 hadi 8. Kwa gigabaiti 15 utaweka kama elfu mbili na kitu, si elfu thelathini na moja. Unaweza kulipia nafasi zaidi kila mwezi, lakini siku ukishindwa kulipa unarudi kwenye shida. Wakati mwingine kampuni yenyewe hubadili mawazo: Flickr, tovuti ya kuweka picha iliyokuwa ikitoa terabaiti nzima bure, mwishoni mwa 2018 ilitangaza kwamba akaunti za bure zitabaki na picha elfu moja tu. Na akaunti ya Google isiyotumika miaka miwili inaweza kufutwa pamoja na vilivyomo. Kwa hiyo tumia wingu, yaani hifadhi hiyo ya mtandaoni, ila usilikabidhi roho yako.

Kuna jambo la kuangalia zaidi kuliko nafasi. Simu yako inapolinganisha picha na mtandao, ukifuta ndani ya programu ya Google Photos, inafutika kwenye simu na mtandaoni pia. Inakaa kwenye takataka siku 60, halafu basi. Watu wengi wamefuta kwenye simu ili wapate nafasi wakidhani ya mtandaoni ni nakala nyingine. Kama unataka kupunguza simu, tumia kile kitufe cha kutoa nafasi kilichomo ndani ya programu yenyewe. Na ubora uweke wa asili, usiweke wa kubana.

Elfu thelathini na moja huwezi kuzilinda zote kwa kiwango kimoja, wala huhitaji. Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ni kazi ya moyo zaidi ya mashine. Kaa, chagua mia tano. Anza na waliokwisha kufa. Kisha wazee waliobaki. Kisha mahali panapobadilika: kivuko, nyumba ya bibi, mnazi ambao ufukwe unaukaribia. Machweo yako najua unayapenda, nami nayapenda, lakini jua litazama kesho pia. Hizo mia tano ndizo ziende kila mahali, mtandaoni, kwenye diski zote mbili, na kwa ndugu. Ni gigabaiti tatu hadi nne tu, bando la siku chache. Zilizobaki zikae kwenye diski mbili, inatosha.

Folda zipe majina yanayoanza na mwaka, mwezi, siku: 2019-08-12_Bweni_Bibi_anasuka. Zitajipanga zenyewe, kwenye kompyuta yoyote. Halafu andika nani ni nani. Programu ya digiKam, ya bure pia, inaweza kuandika maelezo ndani ya picha yenyewe, kwa hiyo hayapotei ukihamisha. Kama ni tabu, daftari la kawaida litafaa. Usiseme utakumbuka. Keti na mama wakati bado majina yako kichwani mwake, mwonyeshe picha za barazani mmoja mmoja: huyu aliyekaa nyuma ya bibi ni nani, alikuwa mtoto wa nani, hiyo mikeka ilikuwa ya harusi ya nani. Naamini kazi hiyo itamfaa mama pia.

Mambo madogo nayapitia haraka. Unapotoa picha kwenye kadi, nakili, usihamishe. Na usifomati kadi mpaka picha ziwe zimefika sehemu mbili na umefungua kadhaa kwa macho yako. Diski isibaki imechomekwa wakati huitumii. Flashi iliyokwenda stationeri isirudi moja kwa moja kwenye diski yako ya hifadhi. Ikirudi na virusi vile vinavyogeuza folda kuwa njia za mkato, usifomati kwa hofu, maana mara nyingi faili zako zipo, zimefichwa tu. Diski na kamera viweke kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, na vipakiti vya silika, vile vya kunyonya unyevu, ndani yake, kwa sababu hewa ya chumvi huko kwenu haimhurumii mtu. Kila mwanzo wa mwezi chagua folda moja bila mpango, ifungue kwenye kila diski. Mimi sidii zangu sikuzifungua miaka saba.

Nije kwa ndugu, na kwa binamu.

Lililoharibu picha ya mama si studio. Picha uliyoipiga ina pikseli, yaani vitone vinavyoijenga picha, 6000 kwa 4000. Ulipoituma WhatsApp kama picha ya kawaida, programu iliipunguza ili isile bando. Kwa kawaida upande mrefu hubaki na pikseli 1600 hivi, na rangi zinabanwa. Karatasi ya A3 ina urefu wa sentimita 42. Ukizitandaza pikseli 1600 humo unapata kama 97 kwa kila inchi, na mtu wa studio anataka 300. Hivyo viraba ulivyoviona usoni ni pikseli zimevutwa mpaka zikachanika. Tangu Agosti 2023 kuna kitufe cha HD, ni nafuu, ila bado inabana. Ukitaka ifike kama ilivyo, bonyeza alama ya kiambatisho, chagua dokumenti, kisha itafute picha yako huko. Itakwenda nzima. Jihadhari na moja tu: ikienda kama dokumenti inakwenda pia na taarifa zake za ndani, na picha ya simu iliyowashwa eneo hubeba ramani ya nyumba uliyopigia. Ile ya kawaida huziondoa. Kwa hiyo picha za watoto nyumbani, zima eneo kwenye kamera ya simu kabla hujapiga.

Kwa nyingi, tengeneza albamu ya pamoja kwenye Google Photos, waalike kwa majina yao, usisambaze kiungo, maana kiungo kinapita mkono hadi mkono na yeyote atakayekipata ataona. Waruhusu nao waongeze zao. Waambie wahifadhi kwenye akaunti zao, wasiishie kutazama.

Binamu usimwandikie kwenye kundi. Mpigie, au mwende mkakae. Naamini hakutaka kumvunjia bibi heshima. Alikuwa na huzuni na simu ilikuwa mkononi. Mwambie kama ulivyoniambia mimi, kwamba mgonjwa ana sitara yake, na bibi alikuwa mtu wa kujitanda kanga hata akitoka kuchota maji. Mwombe aifute kwenye simu pia, si kwenye stetasi tu, kwa sababu stetasi ilikwisha yenyewe baada ya saa 24. Kisha mpe nyingine, nzuri, ya bibi akisuka, umwambie hii weka popote upendapo. Usimnyang'anye bila kumpa. Na kuanzia sasa tenga folda mbili: ya kutoa na ya ndani. Picha ya hospitali ikae ya ndani, kwako na kwa mama, na hata humo usiifute. Miaka kumi ijayo unaweza kutaka kuuona mkono ule.

Mama mdogo ana haki yake, mpwa wangu. Huyo ndiye Muscat yetu ya zamani. Ukishapata picha kutoka kwenye kadi na kwenye simu za watu, weka mia tano zako kwenye flashi mpya, tafuta mtu anayesafiri, mpelekee. Mwombe azinakili kwenye kompyuta yake, na akutumie zile alizonazo yeye tangu alipoondoka. Utakuwa umempa bibi, na nakala yako ya nje ya nyumba itakuwa imevuka bahari bila kulipia kila mwezi.

Ile diski ifunge kwenye kitambaa kikavu, iandike tarehe iliyoanguka na kilichomo, iweke ndani ya ndoo ile. Usiitupe.

Na kwa mama, usingoje kadi. Chukua faili ileile ya WhatsApp, irudishe studio, na safari hii mwambie asafishe sentimita 13 kwa 9 tu, aiache wazi pande zote, halafu itie kwenye fremu kubwa yenye karatasi nyeupe pembeni. Kwa ukubwa huo pikseli 1600 zinatosha kufikia zile 300 za inchi moja. Uso utarudi, ukili utarudi uwe na mistari yake, na huenda hata jina la kanga likasomeka.